Bandari ya Tanga na Miamba Iliyo Jirani Yake

Mgeni aingiaye Tanga kwa njia ya bahari huanza kuifahamu tabia ya mji huu kabla hajaona paa hata moja. Kwanza huona mistari ya povu jeupe mahali ambapo wimbi huvunjika juu ya miamba iliyofichika. Kisha kisiwa cha Ulenge hubaki upande wake wa kulia, rasi ya Raskazone upande wa kushoto, na mara maji hutulia. Sasa yumo ndani ya ghuba. Kisiwa kidogo cha Toten kiko mbele yake, na mji umekaa ukingoni upande wa kusini pamoja na miti yake mikubwa na majengo yake ya zamani.

Utulivu huo ndio ulioifanya Tanga iwe bandari. Rasi, visiwa na miamba ya matumbawe vimegawana kazi ya kuyapunguza nguvu mawimbi yatokayo nje, hata chombo kilichomo ndani kiweze kulala salama wakati wa kusi. Sehemu kubwa ya ukingo unaosimama juu ya maji hapa ni mawe ya matumbawe ya kale. Wale waliojenga msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini ya mji, karne nyingi zilizopita, walichonga mawe hayo hayo na kuyachoma kupata chokaa. Kwa hiyo asemaye kwamba bandari na mwamba ni maadui wawili wa asili hajaitazama Tanga vizuri. Bandari hii ni mtoto wa miamba. Swali linaloikabili leo ni kama mtoto huyo anaweza kukua bila kumdhuru mzazi wake. Na tena, ni nani atakayetuambia ukweli wa jambo hilo, na kwa kipimo gani.

Mizigo iliyobebwa mara mbili

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo mkonge ulipoletwa katika nchi hii, na kwa miaka mingi zao hilo lilikuwa roho ya mji. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilipita mikononi mwa makuli wa Tanga.

Hata hivyo bandari ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kando ya gati maji yalikuwa machache, kina chake kikiwa kiasi cha mita 3. Meli kubwa zililazimika kutia nanga ghubani, umbali wa kilomita 1.7 hivi kutoka gatini. Shehena iliteremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, na hapo ikapakuliwa tena. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili, na gharama yake ikaongezeka. Wenye mali wakaona afadhali kwenda Dar es Salaam au Mombasa.

Kazi ya kuondoa kasoro hiyo ilianza mwaka 2019. Lango la bandari na eneo la kugeuzia meli viliongezwa kina, kisha gati mbili zenye jumla ya urefu wa mita 450 zikajengwa upya ili maji ya kando yake yafikie kina cha mita 13. Gharama ya awamu zote mbili ilikuwa shilingi bilioni 429.1. Mwananchi wa Tanga, aliyeshuhudia viwanda vikifungwa na mkonge ukianguka bei, ana haki ya kuifurahia kazi hiyo. Meli ikifunga gatini hupata riziki kuli, dereva, karani, fundi na mama anayeuza chakula nje ya lango. Makala haya hayana nia ya kuipinga riziki hiyo. Nia yake ni kuuliza habari za riziki nyingine, iliyo chini ya maji.

Udongo unakwenda wapi?

Tofauti ya mita 3 na mita 13 ni mita 10, na mita hizo hapo awali zilikuwa mchanga na tope. Hebu tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua eneo la hekta moja tu, yaani mita 100 kwa mita 100. Ukilichimba kwa kina cha mita 10, utapata mita za ujazo 100,000. Lori lenye kubeba mita za ujazo 10 lingehitaji safari 10,000 kuuhamisha udongo huo. Na bandari haichimbi hekta moja.

Udongo huo haupandi wote chomboni na kutoweka. Sehemu fulani hutimka pale meli ya kuchimbia inapochokoa sakafu ya bahari. Sehemu nyingine hurudi majini pamoja na maji yanayofurika kutoka katika tangi lake. Na sehemu iliyobaki hutimka tena inapomwagwa mahali palipopangwa. Mchanga mzito huzama kwa dakika chache karibu na ulipotimuliwa. Tope laini lina tabia nyingine: laweza kuelea kwa saa nyingi, na lile laini kabisa kwa siku kadhaa. Maji ya pwani hii hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua mkondo wake huwa na nguvu. Mkondo uendao kilomita moja kwa saa, katika saa sita za maji kupwa, waweza kulipeleka tope kilomita sita. Tena mkondo mkuu wa bahari hapa huelekea kaskazini, nao huzidi nguvu wakati wa kusi. Kwa hiyo tope la mwezi wa Julai na tope la mwezi wa Januari huenda yasiwe na safari moja. Wavuvi wanalijua jambo hili bila chombo chochote cha kupimia, maana ndilo linalowaongoza kila siku watokapo na warudipo.

Mjenzi asiyeonekana

Ili kufahamu kwa nini tope ni hatari, yafaa kwanza ieleweke tumbawe ni kitu gani. Wengi wetu tumelizoea kama jiwe, kwa sababu tumeliona limekauka ufukweni au limejengewa ukuta. Lakini likiwa hai, uso wa jiwe hilo umefunikwa na wanyama wadogo wengi mno, kila mmoja akiwa na mdomo na vidole vyororo vya kunasia chakula. Mwilini mwao mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mnyama humpa mmea makao, na mmea humlisha mnyama. Kutokana na ushirika huo hujengwa mwamba, taratibu sana: tumbawe la duara huweza kuongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Tumbawe lenye upana wa mita moja na nusu laweza kuwa na umri kumpita babu yako.

Tope huushambulia ushirika huu kwa njia tatu. Kwanza hulitia maji giza, mmea ukakosa jua, na mnyama akakosa chakula. Pili hulifunika tumbawe lenyewe. Nalo hujitahidi kujisafisha kwa kutoa utelezi, kazi ambayo humaliza nguvu zake, na tope likizidi hushindwa na kufa. Tatu hutandaza utandu juu ya mawe. Watoto wa matumbawe, ambao aghalabu huzaliwa katika miezi ya joto la kaskazi na kuelea wakitafuta mahali pagumu pa kushika, hukosa pa kukaa. Hilo la tatu ndilo lenye hila kuliko yote, kwa maana mwamba huonekana ungali mzima, kumbe umekwisha kuwa nyumba isiyo na watoto.

Jikoni nako kuna habari

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Ukitembea kutoka Sahare hadi Deepsea, na kutoka hapo ukashuka kusini mpaka Tongoni na Kigombe, utakuta vyombo vilivyopandishwa mchangani, madema yakishonwa, na akina mama wakingoja samaki wa kukaanga. Changu, tasi na chewa wanaouzwa hapo wameukulia mwamba au wamepata chakula chao kwake. Maji ya bamvua yakitoka sana, wanawake na watoto hutembea juu ya mwamba wakitafuta pweza katika mashimo. Huyo pweza hupata kuwa kitoweo, ada ya shule na sare ya mtoto. Hakuna hati ya benki inayoonyesha thamani yake, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumsahau katika hesabu za mradi.

Hazina ya bahari hii imewahi kuwashangaza hata mabingwa. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, alivuliwa samaki aitwaye silikanti, ambaye jamii yake ilidhaniwa kuwa imetoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga walianza kumnasa samaki huyo huyo katika majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Kutokana na hilo ilianzishwa mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552, nchi kavu na bahari pamoja. Silikanti haishi juu ya mwamba wa jua. Huishi vilindini, katika mapango. Lakini ametufundisha jambo moja: kama samaki mkubwa hivyo aliweza kuishi mlangoni petu bila kuandikwa katika daftari lolote, ni viumbe wangapi wadogo ambao hatujawaandika?

Washitakiwa ni wengi

Wahenga walisema bahari haivundi. Kwa ukubwa wake na chumvi yake, bahari kweli haivundi. Mwamba hauna bahati hiyo. Miamba ya Tanga imepigwa kutoka kila upande. Kwa miongo mingi ilivunjwa kwa baruti na wavuvi haramu, tumbawe la miaka mia likageuzwa kokoto kwa sekunde moja. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, yaani liliyafukuza yale mimea midogo mwilini mwao. Joto la namna hiyo likarudi mwaka 2016 na mwaka 2024. Mito ya Sigi na Mkulumuzi humwaga udongo wa mashamba ghubani kila masika. Mji nao hutoa maji machafu yake.

Hapa ndipo ugumu wa tathmini ulipo. Mtu akikuta mwamba umekufa karibu na bandari, ni nani mwenye hatia? Mjenzi wa gati atasema ni joto. Mvuvi atasema ni bandari. Mwenye shamba atanyamaza. Kila mmoja atakuwa na ushahidi wa kutosha kumtetea, wala hapana atakayeshindwa, ila mwamba. Njia ya kuepuka mabishano hayo ni moja tu: kuhesabu kabla kazi haijaanza.

Funzo la Miami

Jambo hili limekwisha kutokea mahali pengine, na yafaa tutoke Tanga kidogo tukalitazame. Katika jimbo la Florida, Marekani, bandari ya Miami iliongezwa kina kati ya mwaka 2013 na 2015 hadi kufikia mita 15 na zaidi, ili kupokea meli kubwa zitakazopita katika Mfereji wa Panama uliopanuliwa. Lango la bandari hiyo hukata katikati ya miamba ya matumbawe. Ilitazamiwa kwamba madhara yatakuwa madogo.

Tope likaenea. Na mwaka 2014, kazi ikiwa inaendelea, ukazuka karibu na Miami ugonjwa mpya unaokula nyama ya matumbawe, na joto nalo likapanda. Mabishano yakaanza: je, matumbawe yaliuawa na tope, au na ugonjwa? Waliosimamia mradi waliutaja ugonjwa. Lakini kulikuwa na matumbawe yaliyohesabiwa kabla ya kazi, karibu na mbali na lango, na kulikuwa na picha za setilaiti zilizoonyesha mawingu ya tope yalikopita. Wanasayansi walipozilinganisha takwimu hizo, na kuzitenga aina za matumbawe zinazoshikwa na ugonjwa ule kwa urahisi, waliona kwamba vifo viliongezeka kadiri mtu alivyolikaribia lango. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 walikadiria kwamba matumbawe zaidi ya nusu milioni yalikufa katika umbali wa mita 500 kutoka lango lililochimbwa, na kwamba dalili za madhara ziliweza kufika kilomita kadhaa.

Tuangalie vizuri funzo lililomo humo. Nchi yenye mali nyingi na vyombo vya kila namna iliweza kukosea katika kutabiri. Lililoufanya ukweli ujulikane hatimaye ni hesabu ya kabla, na mwamba wa mbali uliotumika kama mizani. Pasingekuwapo na viwili hivyo, ugonjwa ungebeba lawama zote, na kesi ingefungwa.

Kupima si kazi ya ajabu

Kupima mwamba hakuhitaji miujiza. Huchaguliwa miamba iliyo karibu na kazi, na mingine inayofanana nayo iliyo mbali. Vigingi hupigwa ili mtu arudi mahali pale pale kila mara. Utepe hunyooshwa, na mpimaji huandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe mfu, mwani, mchanga. Mirija hutegwa sakafuni ili kunasa tope liangukalo, kisha tope hilo hukaushwa na kupimwa uzito. Sahani nyeupe iliyofungwa kamba huteremshwa majini, na mahali inapopotea machoni huonyesha jinsi mwanga unavyopenya. Hayo hufanywa kabla, wakati wa kazi, na miaka kadhaa baada yake, katika kusi na katika kaskazi.

Tanga ina bahati katika jambo hili. Kati ya mwaka 1994 na 2007 kulikuwa na mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani, uliosaidiwa na serikali ya Ireland na shirika la IUCN. Katika mpango huo wanavijiji walifundishwa kupiga mbizi na kuhesabu matumbawe na samaki kwa njia kama hizo, na baadhi ya miamba ikafungwa isivuliwe kwa makubaliano ya vijiji vyenyewe. Mvuvi alishika penseli chini ya maji. Maarifa hayo ni mali ya Taifa, na mahali pake ni katika kila mradi wa bandari katika pwani hii, si katika kabati.

Lakini kupima bila kutenda ni sawa na kumpima mgonjwa homa na kumwacha alivyo. Hapana budi pawekwe mapema kiwango cha tope ambacho kikivukwa, meli ya kuchimbia husimama. Kazi nzito ya karibu na mwamba iepushwe katika majuma ya matumbawe kuzaa. Uchimbaji ufuate mkondo, ili maji yapelekapo tope miambani mashine zipumzike. Na anayehesabu asiwe yule yule anayelipwa kwa kila mita ya ujazo inayochotwa.

Haki ya kuulizwa

Majirani zetu wa Lamu wametuonyesha upande mwingine wa jambo hili, upande wa watu. Ujenzi wa bandari mpya katika ghuba ya Manda ulipoanza, wavuvi walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba uchimbaji ulikuwa ukiharibu miamba, mikoko na njia zao za uvuvi wa asili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na ikaagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Fidia ni haki. Hata hivyo fedha haioti matumbawe, na mtoto wa mvuvi aliyelipwa mara moja atauliza baba yake alivua wapi.

Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Kushirikishwa si kuketi chini ya mwembe na kusaini karatasi ya mahudhurio. Ni kupata takwimu, kuzielewa, na kuwa na nafasi ya kusema: hapo mlipopanga kumwaga udongo ndipo tasi wanapozalia.

Haja ya jambo hili haikumalizika gati hizo mbili zilipokamilika. Kaskazini ya ghuba, katika rasi ya Chongoleani, liliwekwa mwezi wa Agosti 2017 jiwe la msingi la mradi wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na hapo meli za mafuta zimetengewa gati lake. Kusini ya mji kuna ghuba ya Mwambani, iliyokingwa na visiwa vya Yambe na Karange, ambayo kwa miaka mingi imetajwa katika mipango ya bandari mpya, nayo imo katika eneo la hifadhi ya silikanti. Lango lililochimbwa nalo hujaa tope tena na kuhitaji kusafishwa. Kila moja ya kazi hizo ina tarehe yake ya kuanza, na kabla ya tarehe hiyo kuna siku za kuhesabu.

Basi ndugu msomaji, ombi la miamba ya Tanga si kubwa. Haiombi meli zifukuzwe, kwa kuwa meli zimekuwa zikipita kando yake tangu enzi za majahazi. Inaomba ihesabiwe kabla, ihesabiwe wakati, na ihesabiwe baada; na hesabu yenyewe ibandikwe kwa Kiswahili pale Deepsea na Sahare, ubaoni, karibu na mizani ya samaki, ambapo yule anayejua mwamba ulivyokuwa jana ataweza kuisoma, na kama ina kosa, kuisahihisha.